Kuizunguka Pua ya Nyumba

Katika nchi ile mtu akimaliza kazi, nyumba yake hutiwa magurudumu. Sheria ya jambo hilo haikuandikwa popote. Mafundi huja asubuhi na jeki na magogo, wakaing'oa nyumba katika msingi wake kama jino lililolegea siku nyingi, wakaitia injini puani na usukani penye dirisha la mbele, kisha wakawaonyesha wenyewe barabara. Barabara ni moja. Hupanda mlima, hupita mahali paitwapo Shingo, hushuka bondeni, na inasemekana kwamba baada ya bonde kuna mlima mwingine. Anayeuliza inaishia wapi hujibiwa kwa adabu kwamba swali hilo halina uzito. Ukiliweka juu ya mizani, mshale hautikisiki.

Kidawa aliliridhia jibu hilo kwa sababu za kikazi. Maisha yake yote alikuwa mpimaji wa mizani ya barabarani, mahali ambapo malori husimama na madereva hushuka wakitabasamu. Huko alijifunza kwamba dereva anaweza kusema lolote, ila ekseli husema jambo moja tu, tena kwa tarakimu. Aliolewa akiwa na tabia hiyo na hakuiacha. Mumewe, Ngwali, alikuwa mwalimu mkuu wa shule, mtu wa sauti, wa kusimama mbele ya safu za watu na kuianza sentensi bila kujua itakavyokwisha, na karibu kila mara ikaisha vizuri. Kwa hiyo nyumba yao ilipotiwa magurudumu hapakuwa na mjadala juu ya nani ashike usukani. Ngwali alikaa kulia, akaushika. Kidawa alikaa kiti cha kushoto. Katikati yao, sakafuni, ulisimama mkono wa chuma wa breki ya mkono, ambao kila mmoja wao aliweza kuufikia na hakuna aliyewahi kusema ni wake.

Ilikuwa nyumba kubwa. Ilikuwa na jiko, kitanda cha mninga, tangi la maji chini ya sakafu, vikombe vilivyoning'inia kwenye kulabu, na pazia la kijani lenye alama ya pasi ambayo Kidawa mwenyewe aliiunguza mwaka aliokwisha kuusahau. Kabla ya kuondoka aliipitisha nyumba yote juu ya mizani, akakuta nyuma pamezidi, akahamishia mbele gunia la mchele na mtungi wa gesi. Jiwe moja la mizani, la shaba, alilopewa siku ya kuagwa kazini, akaliweka kabatini pamoja na sukari na chumvi. Ngwali alisimama kando akicheka. Alisema amewaona watu wakipima nyumba kwa futi na kwa vyumba, lakini wa kuipima kwa kilo ni huyu wake peke yake.

Mpando ulikuwa na kona nyingi, kila kona ikifanana na iliyotangulia, hata Kidawa akashuku kwamba ni kona moja inayorudiwa mpaka waielewe. Injini ilinguruma katika gia ya pili. Vikombe vililala nyuma kwenye kulabu zake, vyote kwa pembe moja, na kwa pembe hiyo aliujua ukali wa mlima kuliko kwa kutazama nje, maana nje palikuwa na ukungu tu na mara chache ukingo wa mawe.

Walisimama kando ya barabara ili injini ipoe. Kidawa alibandika maji ya chai. Jiko lilikuwa limeinama pamoja na nyumba yote. Birika likateleza, likaanguka, na maji yakammwagikia Ngwali mguu wa kulia, juu ya kandambili. Ngwali alikuwa akieleza namna ya kuikata kona kwa nyumba ndefu. Aliendelea kueleza. Alimaliza sentensi. Ndipo alipouona mvuke ukipanda kutoka mguuni pake, akatazama chini, akasema, "Aa," kama mtu aliyekumbushwa jina la jirani wa zamani.

Kidawa alimmwagia maji baridi, kwa muda mrefu, kisha akamfunga kitambaa safi. Alikuwa akipima, moyoni mwake:

Habari ilimfikia kwa njia ya macho.

Mguu wenyewe haukutuma neno.

Kandambili ilibaki mchangani juzi, naye akaendelea kutembea bila hiyo. Nilidhani ni usahaulifu.

Daktari alimwambia ugonjwa wake wa sukari hula miguu kimya kimya. Yeye alisema daktari ni mtu wa umbea.

Mguu wa kulia ndio wa breki.

Katika kupanda, jambo hilo halina madhara makubwa. Mguu hukandamiza mafuta, na injini humjibu dereva masikioni; akizidisha husikia, akipunguza husikia. Katika kushuka mambo hugeuka. Pedeli ya breki haina sauti. Kiasi cha kukanyaga hujulikana na unyayo peke yake, na unyayo usiojua kitu husahau kuondoka. Pedeli hubaki imekanyagwa kidogo tu, kiasi ambacho mtu angeapa kwamba haikanyagi, breki huchemka, na breki iliyochemka hufika mahali ikaacha kuwa breki. Tangu hapo nyumba huendelea na safari bila kuwauliza wenyewe.

Kwa hiyo Kidawa aliyajua mawili. Alijua kwamba Ngwali akishusha nyumba ile watakufa, labda si katika kona ya kwanza. Na alijua kwamba mbele yao, kileleni, ipo desturi inayoweza kuwaokoa, kama mumewe ataifuata.

Shingo ni uwanda mwembamba ulio kati ya vilele viwili. Mwanga wake si wa asubuhi wala si wa jioni. Hukaa palepale, mweupe, kama taa ya ofisini. Desturi ya mahali hapo ni fupi: aliyepandisha hashushi. Dereva husimamisha nyumba, hushuka mlangoni mwake, huizunguka pua ya nyumba kwa miguu mbele ya macho ya watu wote, akaingia kwa mlango wa pili na kukaa kiti cha asiyeendesha. Mwenzake husogea kwenye usukani. Kupita nyuma hakuruhusiwi, kwa sababu nyuma hapaonekani. Sababu ya desturi yenyewe hutolewa kwa namna mbili. Wenye akili ya ufundi husema kwamba aliyepanda amechoka. Wengine husema kwamba aliyepanda amezoea kupingwa na mlima, na mlima unapoanza kumsaidia hatambui kwamba huo ndio uadui wenyewe, umegeuka uso tu.

Aliyewapokea ni Shekigenda, mtu mrefu mwenye ndoo na mfagio wa chelewa, ambaye kazi yake ilikuwa kunyunyizia maji magurudumu ya kila nyumba iliyofika. Maji yakichachatika juu ya gurudumu lenye moto, nyumba husubiri ipoe. Alinyunyiza, akatega sikio, akasema kwamba nyumba hii haina neno. Kisha akasimama mbele ya pua, akaweka ndoo chini.

"Haya, mzee wangu. Zunguka."

Ngwali alijibu kutoka dirishani kwamba atapumzika kidogo kwanza. Akawasalimu wanaume waliokuwa wamekalia matairi makuukuu kando ya njia, akawaeleza kwamba ameongoza shule tatu na hajawahi kuchelewa. Walimwitikia vizuri. Muda ukapita, au haukupita. Mmoja wao akasema wamwache mwalimu mkuu, bado anasubiri kengele. Mwingine akakumbusha kwamba mpanda ngazi hushuka. Wa tatu akasema ni kweli, ila methali hiyo haikutaja atashushwa na nani. Ngwali alicheka kuliko wao wote, na mikono yake haikutoka kwenye usukani.

Kidawa alishuka kunyoosha miguu. Nyuma ya ukungu aliona kile ambacho hakuna aliyemtajia: nyumba. Zilikuwa nyingi, zimepangwa bila mpango, pua zote zikielekea mteremko. Nyasi zilikuwa zimepenya katika magurudumu yake. Katika injini ya mojawapo kuku alikuwa akiatamia. Ndani ya kila nyumba, kwenye usukani, alikaa mtu, mara nyingi mwanamume, wakati mwingine mwanamke, amevaa nguo safi, akitazama mbele. Mmoja aliugeuza usukani wake kulia, polepole, kwa ustadi, akakata kona ambayo haikuwepo.

Mwanamke alikuwa akianika pazia kwenye kamba. Pazia lilikuwa la kijani na lilikuwa na alama ya pasi.

Kidawa hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Alisogea, akaichunguza alama ile: ilikuwa na ncha iliyopinda kushoto, mahali mkono wake ulipostuka. Akautazama mkono wa mwanamke yule, akaliona kovu dogo la kifundoni ambalo yeye pia alikuwa nalo, akalilinganisha na la kwake. Yalikuwa sawa. Basi ama wao ni wawili wenye kovu moja, ama ni mmoja aliyefika mara mbili. Aliamua kwamba swali hilo lingeweza kusubiri. Lile lisiloweza kusubiri alimwuliza: imekuwaje wakabaki hapa?

Mwanamke alibana kibanio cha mwisho kwenye kamba. Alisema kwamba hapakuwa na ugomvi. Mumewe alisema atazunguka kesho, naye kwa heshima alikubali, kwa kuwa kesho ni neno dogo. Siku iliyofuata alilisema tena na halikuwa limekua. Hata siku moja hakukataa. Kama angekataa, wangegombana, na ugomvi una mwisho.

"Nawe hukumwambia?" Kidawa aliuliza.

"Nilimpenda," mwanamke alisema. "Nikangoja ajue mwenyewe."

"Mguu wake?"

"Mguu sijui tena. Hajausimamia tangu tufike."

Ndani ya nyumba yenye nyasi Ngwali mwingine, mzee zaidi, nadhifu, aliinua mkono mmoja akampungia Kidawa kama mtu anayepungia abiria wake, kisha akaurudisha haraka kwenye usukani.

Kidawa alirudi. Njiani alifikiri jinsi watu wanavyosema kwamba madaraka hulevya, na akaona kwamba neno hilo limepotoka kidogo. Mlevi anajulikana, huyumba, hunuka, majirani humwona. Alichokiona kule nyuma ya ukungu kilikuwa unadhifu. Watu wale hawakumwibia mtu wala kumpiga. Walikuwa wamepandisha, kwa jasho la kweli, na kila mmoja alikuwa na haki ya kusema kwamba bila yeye nyumba isingefika. Usukani ulikuwa ushahidi wa kazi waliyoifanya. Kuuacha kulionekana kama kuifuta kazi hiyo. Nao mteremko, ambao ndio uliobaki, haukujali hata kidogo ni nani aliyepanda.

Aliingia ndani ya nyumba, akafunga mapazia ya mbele ili waliokalia matairi wasione. Ngwali alimtazama.

"Nitazunguka kesho, bibie," alisema. "Wacha wachoke kunichungulia."

"Fumba macho, Bwana Ngwali."

Alimwita hivyo mara chache sana, na mara zote kwa jambo zito. Ngwali alifumba. Kidawa alifungua kabati, akatoa jiwe la shaba, la kilo mbili kamili, akapiga magoti, akaliweka juu ya vidole vya mguu wa kulia, mahali kitambaa kilipoishia. Akasubiri.

"Nimekuwekea nini mguuni?"

"Hujaweka kitu. Weka basi."

"Fumbua."

Ngwali alifumbua. Alilitazama jiwe kwa muda, akainua kidogo vidole, jiwe likainama. Ilikuwa kama anamtazama mwanafunzi asiyemfahamu, aliyekaa katika darasa lake siku zote.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu birika."

"Ukanyamaza."

"Sikuwa na hakika. Sasa ninayo."

Kidawa hakulia wala hakumshika mkono. Wote wawili hawakuwa watu wa namna hiyo. Ngwali aliuliza kama jiwe lile ndilo alilopewa siku ya kuagwa, akaambiwa ndilo, akasema lilikuwa zawadi ya ajabu na sasa anaelewa. Kisha alifunga kifungo cha juu cha shati, akachana nywele kwa kiganja, akafungua mlango wake.

Waliokalia matairi waligeuka kumtazama. Wapo waliowaona wengi wakishuka na kurudi kiti kilekile. Ngwali alitembea huku akitazama miguu yake, maana macho ndiyo yaliyokuwa yakimpelekea habari, akafika katikati ya pua ya nyumba na kusimama. Akaweka mkono juu ya boneti iliyokuwa bado na joto. Shekigenda aliinua ndoo yake, akaishusha tena. Hakuna aliyecheka. Kisha Ngwali akaimaliza safari ile, ambayo mtoto angeimaliza kwa kuruka mara nne, akapanda kwa mlango wa kushoto, akakaa.

Kidawa alisogea kulia. Kiti kilikuwa na umbo la mwili wa mtu mwingine.

Aliingiza gia ya pili kabla ya kuachia breki ya mkono, kwa sababu gia ya kupandishia ndiyo ya kushushia. Vikombe vilisimama wima kwa muda mfupi, kisha vikaanza kulala mbele. Nyumba ililia kwa injini. Hiyo ndiyo siri yote ya kushuka, naye aliijua kwa maneno kabla ya kuijua kwa mwili: injini ndiyo inayoshika, mguu hukumbusha tu. Unakanyaga kwa nguvu, unaachia kabisa. Unakanyaga, unaachia. Usibembeleze. Breki inayobembelezwa huungua.

Uzito wote ulio nyuma yangu unataka kwenda.

Mchele, mninga, maji, miaka.

Hauna ubaya. Ni uzito tu.

Katika kona ya kwanza mikono yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke, mradi tu igeuke inapotakiwa. Katika kona nyingine ukungu ulipasuka, akaona nyumba ikija kwa kupanda. Alijibana ukingoni kuipisha, kwani anayepanda hupewa njia. Nyumba ile ilikuwa na pazia la kijani lisilo na alama yoyote. Ndani yake kijana mmoja alikuwa akieleza jambo kwa mkono mmoja huku akiendesha kwa mkono wa pili, na kando yake msichana mwenye uso mkavu alikuwa akitazama, bila kusikiliza, pembe ya vikombe. Walipishana bila kugusana. Kidawa alipiga honi mara moja. Angependa kuwaambia jambo, lakini alipotafuta ni lipi, hakuona ambalo wangeweza kulitumia wakiwa bado wanapanda.

Baada ya muda alisema, "Unakanyaga."

"Nakanyaga nini?"

"Sakafu."

Ngwali alitazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekaza juu ya zulia, kidole gumba kimepinda, ukizuia nyumba yote kwa nguvu zake zote. Aliutazama kama mbwa wa watu aliyeingia uani. Akauinua kwa mikono miwili, akauweka kando. Walipofika kona iliyofuata ulikuwa umerudi palepale, na safari hii Kidawa aliuacha ukae.

Bondeni palikuwa na joto na mto usio na haraka. Kidawa alisimamisha nyumba, akashuka, akapeleka kiganja karibu na kila gurudumu: vuguvugu. Alirudi akakaa kwenye usukani kuandika moyoni matokeo hayo. Mbele yao, baada ya mto, ulisimama mlima wa pili, na barabara ikiupanda kama mshono.

Desturi haina mlima mmoja. Aliyeshusha hapandishi.

Ngwali alikuwa ameshafungua mlango wake. Aliteremka, akazunguka pua bila kusimama, akaja chini ya dirisha la Kidawa akangoja kama anayengoja zamu yake kisimani. Kidawa hakutoka.

Aliyafikiri yafuatayo. Mguu wa Ngwali haujapona, na hautapona. Yeye ameshusha bila kosa. Kiganja chake ni shahidi. Katika kupanda pia nyumba huweza kuzimika njiani ikaanza kurudi nyuma, na hapo itatakiwa breki. Ana macho mazuri zaidi. Anaijua nyumba kwa kilo. Hoja zilikuja kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, zimevaa nadhifu, na zote zilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomtisha. Kwa miaka yote aliamini kwamba tarakimu hazina upande. Sasa alizisikia zikimjia mbio kabla hajaziita, kama watumishi.

Aliitazama mikono yake. Ilikuwa kwenye usukani, imetulia, haitetemeki tena.

Kando ya mto, katika majani marefu, palikuwa na nyumba nyingi. Pua zake zilielekea mlima wa pili. Hakuhitaji kuhesabu kamba za nguo wala kutafuta rangi ya pazia. Mwanamume mmoja mzee, mwenye mguu uliofungwa kitambaa, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba mojawapo, akichambua mchele kwenye ungo, kwa subira ya mtu aliyeambiwa kesho.

"Kidawa," Ngwali alisema chini ya dirisha. "Zamu ni yangu. Mguu nao ni wangu, najua. Ukisema nisipande, sitapanda. Ila uniambie kama ni mguu au ni kiti."

Kidawa alilipima swali hilo; lilikuwa na uzito.

"Vyote viwili," alisema.

Kisha akafungua mlango. Akashuka, akaanza kuizunguka pua ya nyumba, na akaona kwamba njia ile ni ndefu kuliko inavyoonekana ukiwa umekaa. Kuna mahali katikati ambapo hauko upande wowote, na boneti inakuchoma kiganja. Akapita hapo. Akapanda kushoto.

Ngwali alikuwa amekwisha kukaa, ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele. Kidawa aliweka mkono wake wa kulia juu ya mkono wa chuma uliosimama kati yao, akaufumbata.

"Endesha," alisema. "Huu ni wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa. Na wewe ukikaa hapa kushoto nikishusha mimi, utakuwa wako."

Ngwali alifikiri. "Ukiuvuta, niambie kwanza."

"Nikipata nafasi ya kusema, nitasema."

Alicheka kidogo, kwa pua, akawasha injini. Nyumba ikavuka mto, ikaingia barabarani, na vikombe vikaanza kulala nyuma. Chuma kilitetemeka kiganjani mwa Kidawa, baridi, kikipokea kila neno la magurudumu. Hakukivuta. Hakukiachia.